Semei Kakungulu, Jemadari Aliyehamia Bukedi

Askari aliyewahi kusafiri kwa gari kutoka Tororo kwenda Mbale ameipita Mukuju, naye bila shaka amewaona Wateso wakiwa katika mashamba yao. Hata wao si wa asili ya hapo. Wazee wao walishuka kutoka kaskazini pamoja na ng'ombe wao, na upande wa magharibi wakawakuta Wapadhola, ndugu zao Waluo, ambao nao walikuwa wamehamia zamani zaidi. Watu hao walipigana, wakaoana, hatimaye wakawa majirani. Lakini mwishoni mwa karne ya 19 nchi hiyo ilifikiwa na mhamiaji wa namna nyingine, aliyekuja na bunduki na ruhusa ya serikali ya Kiingereza. Huyo ndiye Semei Kakungulu, ambaye tunapenda kuyaeleza maisha yake leo, kwa kuwa alikuwa askari kabla ya kuwa kitu kingine chochote.

Inaaminiwa kwamba alizaliwa mnamo mwaka 1868 katika Koki, ambayo siku hizo ilikuwa bado ufalme mbali na Buganda. Basi hata huko Buganda alikuwa mgeni. Alianza kwa kuwinda tembo, na shabaha yake ikamletea sifa. Vita vya dini vilipozuka mwaka 1888, alipigana upande wa Waprotestanti, akaonekana kuwa jemadari hodari kuliko wengi wa rika lake, akapewa cheo kikubwa cha Kimbugwe. Hata hivyo palikuwa na Apolo Kagwa, Katikiro, aliyekuwa bingwa wa siasa za barazani, na mafahali wawili hawakai zizi moja. Kakungulu alishindwa katika mashindano hayo, akaondoka Mengo katikati ya miaka ya 1890, akaelekea Bugerere pamoja na wafuasi wake.

Ushindi wake uliosifiwa zaidi ulikuwa tarehe 9 Aprili 1899, katika nchi ya Lango, ambako majeshi yake pamoja na ya Kanali Evatt yaliwakamata Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro. Wafalme hao wawili walipelekwa Shelisheli. Baada ya hapo Kakungulu aliruhusiwa kuuteka upande wa mashariki, nchi ambayo Waganda waliiita Bukedi, jina la dharau kwa watu waliowadhania kuwa hawajui nguo. Yeye alidai kwamba Sir Harry Johnston, mjumbe maalumu wa Uingereza, alimwahidi ufalme wa nchi hiyo.

Hapa ndipo tunapotaka wasomaji wetu walio katika majeshi na polisi watazame kwa makini. Jeshi la Kakungulu halikuwa na mshahara. Serikali ilimpa idhini, lakini haikumpa fedha za kuwalipa watu wake. Maelfu ya Waganda waliomfuata walikuwa wakitumaini mashamba na vyeo, na kabla ya hayo kupatikana iliwabidi wale. Wakala mbuzi, kuku na mtama wa wenyeji. Ng'ombe walitekwa na kugawanywa kama malipo. Ngome zikajengwa kutoka Budaka hadi nchi ya Wateso, na kila ngome ilikuwa mdomo wa kulishwa. Wapadhola walipigana nao, na kwa maoni yetu walikuwa na haki ya kufanya hivyo. Malalamiko yalipozidi, Waingereza wakamwamuru Kakungulu mwaka 1902 aihame Budaka, wakampa maili 20 za mraba huko Mbale kwa ajili yake na watu wake. Tunaona haya kuwa malipo ya ajabu, maana waliomtuma bila posho ndio waliomhukumu kwa kula. Mwaka huo huo, tarehe 1 Aprili, Jimbo la Mashariki la Uganda lilihamishiwa upande wa Kenya, na Wateso wa Amukura wakatengwa na ndugu zao wa Mukuju.

Huko Mbale alionyesha upande wake mwingine. Alipima barabara zilizonyoka, akapanda miti kandokando yake, na wafuasi wake wakapanda migomba. Mahali palipokuwa pori pakageuka mji. Wafanyabiashara wa Kihindi wakafungua maduka, na misafara ya Waswahili waliofuata pembe za ndovu Karamoja ikafanya kituo hapo. Pamba ilipoletwa Uganda mwaka 1904 na kusambaa mashariki, ilizikuta njia tayari.

Lakini mtindo wa utawala ulibaki. Waingereza walimwondoa Kakungulu, wakawabakiza watu wake kama mawakala. Mganda ndiye aliyekusanya kodi, akaita watu kazi za barabara bila ujira, na kuamua kesi. Kiluganda kilikuwa lugha ya kanisa, ya shule na ya baraza, na mzee wa Kiteso alilazimika kutafuta mkalimani ili ajitetee katika nchi yake mwenyewe. Upande wa pili wa mpaka Wateso walitawaliwa na mawakala wa Kiwanga kutoka kwa Mumia, na manung'uniko yao hayakuwa tofauti. Katika miaka ya 1920 na 1930 mawakala wa Kiganda waliondolewa hatua kwa hatua. Wale waliokuwa wamelima na kuoa wengi wao walikaa, na wajukuu wao leo huzungumza lugha za hapo bila lafudhi.

Kakungulu mwenyewe alipelekwa Jinja mwaka 1906 kuwa Rais wa Lukiko la Busoga, akarudi Mbale mwaka 1913, akiwa na uchungu kwa Waingereza. Alijiunga na dhehebu la Malaki lililokataa dawa za hospitali, kisha akajisomea Agano la Kale hata akashika dini ya Kiyahudi, akatahiriwa mwaka 1919 pamoja na wanawe. Alifariki tarehe 24 Novemba 1928, akazikwa karibu na Mbale. Ufalme hakuupata. Jumuiya ya Wayahudi aliyoianzisha, iitwayo Abayudaya, ingali huko, watu wapatao 2,000, na wengi wao ni wazaliwa wa nchi ile aliyoiingia kwa bunduki.