Denis Burkitt: Mpasuaji wa jicho moja aliyeacha kisu akajaribu dawa

Mtoto akivimba shavu, wengi husema ni matubwitubwi, tezi za mate tu hizo, yatapoa. Mwaka 1957 hospitali ya Mulago, Kampala, ilimpokea mvulana mdogo aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa amwangalie, akabaki ameduwaa. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe uleule.

Burkitt alizaliwa Ireland mwaka 1911. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho moja, lakini akawa mpasuaji vilevile, na mwaka 1946 akaanza kazi Lira, Uganda.

Saratani hii ilikuwa mbaya. Ukikata, inarudi, na mtoto anabaki na uso ulioharibika. Mashine ya mionzi Kampala haikuwepo. Watoto walikuwa wanakufa ndani ya miezi michache.

Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu wakazunguka hospitali za Afrika Mashariki hadi Kusini, maili 10,000 kwa wiki 10, wakiuliza swali moja: uvimbe huu mnauona hapa? Jibu lilifuata hali ya hewa. Ulionekana palipo na joto na mvua ya kutosha, ukapungua kwenye nyanda za juu zenye baridi na sehemu kavu. Mkulima wa Kintinku, Manyoni, anayeijua vizuri mvua ya kuhesabu, angeielewa ramani ile haraka kuliko profesa wa London.

Kilichookoa watoto, hata hivyo, ni dawa. Burkitt alipata methotrexate na cyclophosphamide, akazijaribu. Mulago haikuwa na vifaa vya kupima damu kila mara, hivyo dozi zake zilikuwa ndogo. Ajabu, uvimbe ukaanza kunywea ndani ya siku chache, na baadhi ya watoto walipona kabisa. Si wote, wengine uliwarudia. Majina yao hayajulikani sana, la daktari ndilo lililopewa ugonjwa.

Mwaka 1964 watafiti wa London, Epstein, Achong na Barr, walikuta kirusi ndani ya seli za uvimbe huo. Burkitt alifariki Uingereza mwaka 1993. Cyclophosphamide bado wanapewa watoto wenye saratani hiyo mpaka leo.