Gregor Mendel: Mtawa Aliyehesabu Njegere

Katika ukurasa huu tumezoea kuwaletea maisha ya watu waliotutangulia. Safari hii tumemchagua mtawa wa Ulaya ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, lakini kazi yake inagusa sahani ya maharagwe tunayokula kila siku na kijishamba kilicho nyuma ya nyumba zetu. Jina lake ni Gregor Mendel.

Alizaliwa Julai 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, ambacho leo kipo Jamhuri ya Czech na wakati ule kilikuwa chini ya mfalme wa Austria. Wazazi walimpa jina la Johann. Baba yake, Anton, alikuwa mkulima mwenye shamba dogo, lakini siku 3 za kila wiki alilazimika kumfanyia kazi bwana wa eneo lile bila malipo. Waliosimuliwa na wazee habari za kazi za shuruti wakati wa Wabelgiji wataelewa upesi. Mwaka 1838, akiwa katika kazi hiyo, Anton aliangukiwa na gogo la mti, na tangu siku hiyo hakupata tena nguvu zake.

Johann alikuwa shuleni, mbali na nyumbani. Fedha zilikatika. Alifundisha watoto wa watu ili apate mkate, na zaidi ya mara moja aliugua akarudi kwao kulala kitandani kwa miezi. Aliyemwokoa ni dada yake mdogo, Theresia, aliyetoa sehemu ya mali aliyotengewa kwa ajili ya ndoa yake ili kaka yake aendelee na masomo. Kaka hakusahau. Miaka mingi baadaye aliwasomesha watoto wa kiume wa Theresia, na wawili kati yao wakawa madaktari.

Mwaka 1843 aliingia monasteri ya Mtakatifu Thomas ya Waagustino katika mji wa Brno, akapewa jina la Gregor. Mwenyewe hakuficha kwamba shida ya riziki ilichangia uamuzi huo. Alipewa upadre mwaka 1847 na kutumwa kuwatembelea wagonjwa, lakini mateso yao yalimlemea mpaka akaugua yeye mwenyewe. Abate wake, Cyril Napp, aliona wazi kwamba kijana huyu hafai kazi ile, akampeleka kufundisha. Mtihani wa ualimu aliufanya mwaka 1850 akashindwa. Akapelekwa Chuo Kikuu cha Vienna kuanzia 1851 hadi 1853 kusoma fizikia, hesabu na mimea. Mwaka 1856 alijaribu mtihani tena, na tena hakufaulu. Alifundisha miaka mingi bila cheti kamili, na inasemekana wanafunzi walimpenda. Walimu wa hapa kwetu ambao vyeti vyao vya nyumbani havitambuliwi wanajua maisha hayo.

Mwaka huohuo wa 1856 ndipo alipoanza kazi iliyomfanya ajulikane. Katika bustani ya monasteri alipanda njegere. Hakukurupuka: alikusanya aina 34, akazijaribu kwa miaka 2 kuona kama kila moja huzaa watoto wanaofanana na mzazi, kisha akabaki na 22. Ua la njegere hujichavusha lenyewe. Kwa hiyo alilifungua kabla halijakomaa, akaondoa sehemu za kiume kwa koleo dogo, akapaka chavua ya mmea mwingine, akafunga ua kwa kimfuko ili mdudu asije kuharibu hesabu. Hivyo kwa miaka 8, kwa mimea ipatayo 28,000.

Tueleze jambo moja tu, kwa kuwa mengine yote yanalitegemea. Alichanganya njegere za mbegu ya njano na njegere za mbegu ya kijani. Watoto wote walitoka njano. Mtu mwingine angesema kijani kimekufa. Mendel alipanda tena mbegu hizo zikajichavusha, akahesabu mbegu 8,023: njano 6,022, kijani 2,001. Yaani karibu 3 kwa 1. Kijani hakikufa, kilijificha. Akaeleza kwamba kila mmea hubeba vitu viwili kwa kila sifa, kimoja kutoka kwa kila mzazi. Kimoja huweza kumfunika mwenzake, lakini hakimfuti. Leo tunaviita chembe za urithi, au jeni. Zile njegere za njano zilizopasuliwa ambazo wengi wetu tumezipokea katika mgao ni ndugu wa zile zilizofunika kijani katika bustani ya Brno.

Hakuishia kwenye njegere. Alichanganya pia maharagwe. Maharagwe ya kawaida ya aina fupi na ya kutambaa yalifuata hesabu ileile. Alipoyachanganya na maharagwe ya jamii nyingine yenye maua mekundu, mengi hayakuzaa vizuri na rangi za maua zilitapakaa kila namna. Akaandika hayo pia, ingawa yalimsumbua. Sisi tunampendea hilo kuliko hata hesabu zake.

Februari na Machi 1865 aliwasomea wenzake wa chama cha sayansi cha Brno matokeo yake, na mwaka 1866 yakachapwa. Alituma nakala kwa wataalamu wa nje. Karibu hakuna aliyeelewa. Mwaka 1868 alichaguliwa kuwa abate, na kuanzia 1874 miaka yake ya mwisho ikaliwa na ugomvi na serikali juu ya kodi ya monasteri. Alifariki tarehe 6 Januari 1884 kwa ugonjwa wa figo, akiwa na miaka 61. Watu wengi walikuja kumzika, maskini wakiwemo, lakini walimzika abate, mtaalamu hawakumjua. Karatasi zake nyingi zilichomwa.

Hapa kuna jambo linalotusikitisha kidogo. Mendel aling'oa maelfu ya mimea ya njegere, na kwenye mizizi yake kulikuwa na vinundu vidogo kama vichwa vya pini. Kazi ya vinundu hivyo ilikuwa bado haijajulikana. Miaka 2 tu baada ya kifo chake, mwaka 1886, Mjerumani Hermann Hellriegel alitangaza kwamba ndani ya vinundu mimea ya jamii ya kunde hupata nitrojeni ya hewani. Mwaka 1888 Martinus Beijerinck wa Uholanzi aliwatenga bakteria wenyewe. Mmea huwapa bakteria sukari na makao, nao huupa mbolea. Ndiyo maana mtu asiye na pesa ya mfuko wa mbolea huweza bado kuvuna kunde.

Mwaka 1900 watafiti watatu, kila mmoja kivyake, waligundua upya hesabu ya Mendel. Mwaka 1905 Rowland Biffen wa Cambridge alionyesha kwamba hata uwezo wa ngano kupinga ugonjwa wa kutu hurithiwa kwa hesabu hiyo. Tangu hapo ugonjwa wa mimea haukuwa tena suala la bahati na dawa tu, bali la mbegu.

Baadhi yetu tuliwahi kuishi Kigobe, Bujumbura, upande wa jumba la mikutano. Wakati ule bado kulikuwa na viwanja visivyojengwa, nasi tulipanda maharagwe humo, mbegu kutoka kwa ndugu wa milimani, zimechanganyika rangi zote kama ilivyo desturi ya kwetu. Msimu mmoja mimea ya rangi fulani ilinyauka kuanzia juu ikiwa bado na afya. Tulipopasua shina tukakuta ndani kuna mstari mweusi mpaka mzizini. Mimea ya rangi nyingine, katika mstari uleule, udongo uleule, ilibaki imesimama. Majirani walisema ni jua la bondeni, wengine wakasema ni jicho la mtu.

Ugonjwa wenye dalili hizo una jina: mzizi mweusi. Yapo maharagwe yenye chembe moja ya urithi, ambayo wataalamu waliipa herufi I, inayoyakinga na virusi vya ugonjwa wa batobato. Kinga hiyo ni nzuri sana, mpaka ikutane na virusi vya aina nyingine vilivyoenea Afrika Mashariki na Kati. Hapo mmea hupigana kwa ukali hata ukajiua wenyewe, mishipa yake ikawa meusi. Dawa yake ni kuongeza chembe ya pili, iitwayo bc-3. Lakini chembe hiyo ni ya kujificha, kama kijani cha Mendel: ukichanganya, watoto wote wa kwanza huonekana hawanayo. Katika kizazi cha pili mmea 1 kati ya 4 huionyesha, na ulio na chembe zote mbili kwa ukamilifu ni 1 kati ya 16. Asiyejua hesabu angetupa mbegu hizo mapema.

Mizizi nayo ina sheria zake. Miaka ya 1970 ilionekana kwamba njegere za Afghanistan, zikipandwa Ulaya, hazioti vinundu. Bakteria wapo tele, lakini mzizi unawakatalia mlangoni kama mgeni asiye na barua. Bakteria wa udongo wa Mashariki ya Kati unawapokea. Tofauti hiyo inatokana na chembe moja ya urithi. Mwaka 2003 watafiti wa Denmark walipata vipokeaji vya mzizi vinavyotambua ishara ya bakteria rafiki, na vipokeaji hivyo ni ndugu wa karibu wa vile vinavyonusa ukungu adui. Mwaka 2010 ikajulikana kwamba katika soya chembe moja ya jamii ileile inayopigana na magonjwa ndiyo inayowafungia mlango baadhi ya bakteria wa vinundu. Mlinzi wa lango ni mmoja, na akizidi ukali hufukuza hata mpishi. Ndiyo maana mwenye kuzalisha mbegu hawezi kutafuta kinga peke yake bila kutazama vinundu.

Kwa mkulima wa makazi yetu kuna hesabu nyingine ya Mendel iliyo muhimu zaidi. Alionyesha kwamba mmea unaojichavusha, ukianza na mchanganyiko wa sifa moja, baada ya vizazi 10 kati ya mimea 2,048 inabaki 2 tu yenye mchanganyiko. Iliyobaki imetulia, nusu upande huu na nusu upande ule. Maharagwe hujichavusha kama njegere. Kwa hiyo mbegu yako mwenyewe, tofauti na ya mahindi chotara ya dukani, itazaa karibu ileile mwaka baada ya mwaka.

Basi kabla ya kuvuna, maharagwe yakiwa bado na majani, pita shambani ukafunge uzi kwenye mimea iliyosimama imara katikati ya iliyougua. Ivune peke yake, uiweke mbali na ya kupika. Usibaki na rangi moja tu, maana ugonjwa utakaoua rangi moja huenda ukaiacha nyingine. Wakati wa maua, chimba mche mmoja au miwili kwa jembe pamoja na udongo wake. Usiung'oe kwa mkono, kwa sababu vinundu hubaki chini. Pasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cha kijani au kijivu, hakisaidii, na shamba hilo linahitaji samadi.