Marehemu Andrew Carnegie na Jumba la Muziki

Andrew Carnegie alizaliwa mwaka 1835 mjini Dunfermline, nchi ya Scotland, naye alikuwa mwana wa mfumaji wa nguo. Umaskini ulipozidi, jamaa yake ilihamia Marekani mwaka 1848, na kijana akapata kazi katika kiwanda cha pamba kwa mshahara wa dola 1.20 kwa juma. Baadaye alitajirika sana kwa biashara ya chuma cha pua.

Mjini New York palikuwa na vyama viwili vya muziki, kimoja cha waimbaji na kimoja cha wapigaji wa ala, navyo havikuwa na jumba la kufaa. Kiongozi wao, Walter Damrosch, alimweleza Carnegie shida hiyo, naye akatoa sehemu kubwa ya fedha. Jumba likafunguliwa tarehe 5 Mei, 1891.

Sifa yake haikukosa doa. Mwaka 1892 wafanya kazi wa kiwanda chake cha Homestead walipinga kupunguziwa mshahara, na damu ikamwagika.

Carnegie alifariki mwaka 1919. Jumba hakuliwekea akiba ya kulitunza, nalo likauzwa mwaka 1925. Mwaka 1960 lilikaribia kubomolewa, ndipo mpiga fidla Isaac Stern na wenziwe wakalitetea, hata serikali ya mji ikalinunua kwa dola milioni 5, na chama kisichotafuta faida kikakabidhiwa kuliendesha.

Ndugu wanachama, mfadhili aweza kutujengea jumba. Kulitunza ni wajibu wetu sisi wenyewe.