Olmsted: Mkulima aliyeyatengea maji ya mvua nafasi mjini

JINA la Frederick Law Olmsted huhusishwa zaidi na bustani ya Central Park jijini New York, Marekani. Hata hivyo, kazi yake yenye funzo kubwa kwa miji inayofurika kila msimu wa mvua iko Boston.

Olmsted alizaliwa Hartford, Connecticut, mnamo 1822. Ujanani, macho yake yalidhurika kwa sumu ya mmea, na ndoto ya kujiunga na Chuo Kikuu cha Yale ikatibuka. Aligeukia ukulima, kisha uanahabari, na katika miaka ya 1850 akazuru majimbo ya kusini akiliandikia gazeti la New York kuhusu utumwa.

Mnamo 1858, yeye na msanifu Calvert Vaux walishinda shindano la kubuni Central Park. Huko, vinamasi vilikaushwa kwa mabomba yaliyofukiwa ardhini.

Boston, miaka 20 baadaye, alifuata njia tofauti. Eneo la Back Bay lilinuka majitaka, na bahari ilipojaa, maji ya mvua yaliyoletwa na mito ya Muddy River na Stony Brook yalikosa pa kutokea. Akishirikiana na wahandisi wa jiji, majitaka yalielekezwa kwenye mabomba yake. Kisha lilichimbwa bonde pana lenye kingo za mteremko, likapandwa mimea ya pwani inayostahimili kufunikwa na maji ya chumvi. Mvua iliponyesha, maji yalitanda humo hadi bahari ilipokupwa. Aliyepita hapo aliona kinamasi cha asili, kumbe ni kinga ya mafuriko.

Kumbukumbu ilipoanza kumpotea, Olmsted alistaafu mnamo 1895. Aliaga dunia Agosti 28, 1903, katika hospitali ya McLean, ambayo aliwahi kuishauri kuhusu mandhari yake.

Waliomfuata hawakuutunza urithi huo. Bwawa lililojengwa mnamo 1910 lilizuia maji ya bahari, na mimea ile ikafa. Katikati ya karne ya 20, sehemu ya Muddy River ilifukiwa ndani ya mabomba, na juu yake pakaegeshwa magari.

Mnamo Oktoba 1996, mvua kubwa ilinyesha. Mabomba yalishindwa kuhimili, na mafuriko yakaingia majumbani na hata katika kituo cha treni za chini ya ardhi. Katika miaka ya 2010, mto huo ulifukuliwa kwa gharama kubwa na kurejeshewa nafasi ambayo Olmsted alikuwa ameutengea.