Sheikh Al-Amin Mazrui: Alimtazama msomaji kabla ya kushika kalamu

Ni ukweli usiopingika kwamba zama hizi ni za kompyuta na simu. Vijana wetu wanaosomea fani hizo vyuoni wanafundishwa somo moja ambalo wataalamu wa kompyuta wamelisisitiza sana tangu miaka ya 1980. Somo lenyewe ni kwamba anayetengeneza kitu aanze na mtumiaji. Amjue ni nani, anasoma lugha gani, ana nini mkononi na anajikwaa wapi. Chombo kikimshinda mtumiaji, mwenye kosa ni aliyekitengeneza.

Mimi ni mwalimu wa elimu ya dini hapa Mwembesongo, Morogoro. Kila ninaposikia somo hilo namkumbuka mwanazuoni ambaye hakuwahi kuiona kompyuta, lakini alilifanyia kazi kwa karatasi na wino. Huyo ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891 katika ukoo wa Mazrui, ukoo uliowahi kuitawala Mombasa kabla ya Masultani wa Zanzibar. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanazuoni mkubwa, lakini alifariki mwanawe angali mdogo. Kijana akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, ambaye naye alikuwa Kadhi. Baadaye akavuka kwenda Zanzibar, akasoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir, walimu ambao wanafunzi wa pwani yote waliwafuata.

Kwa elimu hiyo angeweza kutosheka na darsa za Kiarabu kwa wachache wanaokijua, na hapana ambaye angemlaumu. Lakini alikuwa msomaji wa magazeti ya Misri, hasa Al-Manar la Sheikh Rashid Rida lililoanzishwa mwaka 1898. Humo aliona kwamba mashine ya kuchapa inaweza kuifikisha darsa ya msikitini kwa watu ambao hawatafika msikitini hapo.

Tutazame hali ya Waislamu wa pwani wakati ule. Shule zilikuwa mikononi mwa serikali ya kikoloni na wamishionari. Kazi za ofisini zilikwenda kwa waliosoma huko. Waislamu wengi walikuwa na chuo cha Qur'an tu, wakijua kusoma herufi za Kiarabu lakini hawaijui lugha ya Kiarabu. Kwa hiyo vitabu vya dini vya Kiarabu vilifungika kwao, na vitabu vya Kiswahili cha herufi za Kizungu navyo vilifungika. Watu walikuwa wanajua kusoma na hawana cha kusoma!

Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin akaanza kutoa Sahifa, gazeti la kwanza la Kiislamu kwa lugha ya Kiswahili. Lilikuwa jambo dogo kwa umbo, karatasi chache zilizoandikwa kwa mkono na kurudufiwa. Lakini kila kitu ndani yake kilipimwa kwa msomaji. Lugha ilikuwa Kiswahili cha Mombasa kinachozungumzwa nyumbani na sokoni. Makala zilikuwa fupi. Herufi zilikuwa zile ambazo mtu alizijua tangu alipomaliza juzuu yake ya kwanza. Mwaka 1932 likafuata gazeti la Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu.

Hapa kwenye herufi ndipo wataalamu wa leo wangepata mengi ya kujifunza. Herufi za Kiarabu ni 28, na ndani yake hamna P, wala V, wala CH, wala G kama ya neno gari. Alama za irabu ni tatu, nayo lugha yetu ina irabu tano. Waandishi wa zamani walilazimika kutumia herufi moja kwa sauti nyingi, na mara nyingi sauti ya M au N iliyotangulia herufi nyingine haikuandikwa. Hivyo baba, papa na pamba yangeweza kuandikwa kwa sura moja, na msomaji akabaki kubahatisha kwa maana ya sentensi. Anayejua utenzi kwa moyo hakupata taabu. Lakini gazeti ni habari mpya, na habari mpya haibahatishwi.

Wasomi wa Mombasa walikuwa wameshaliona tatizo hilo. Mwalimu Sikujua, katika karne ya 19, alifanya kazi kubwa ya kuzirekebisha herufi hizo. Sheikh Al-Amin naye akaingia katika jitihada hiyo, ya kutumia herufi za ziada na alama zitakazotenganisha sauti za Kiswahili. Hakumwambia msomaji kwamba lugha yake ina kasoro. Alichokirekebisha ni chombo, na lugha akaiacha ilivyo.

Mwaka huo huo wa 1930 serikali za kikoloni za Afrika Mashariki ziliunda kamati ya kusanifu Kiswahili. Kiswahili sanifu kikajengwa juu ya lahaja ya Kiunguja na herufi za Kizungu. Ilipoanza, wenye lugha hawakuwa na viti katika kamati ile. Fikiri, ndugu msomaji. Watu wanakaa kuamua lugha ya mamilioni itaandikwaje, na mwenye lugha hayupo mezani. Huo ndio mfano wa chombo kinachotengenezwa bila mtumiaji.

Je, Sheikh Al-Amin aliandika nini? Aliwahimiza Waislamu kusoma, wavulana kwa wasichana, elimu ya dini na elimu ya dunia. Alikemea uvivu na ubadhirifu katika harusi na matanga. Aliwaonya walioiga mavazi na starehe za Wazungu huku wakiacha bidii yao ya kazi na umoja wao. Alikosoa pia mambo aliyoyaona ni uzushi katika dini, na hapo alipata wapinzani miongoni mwa masheikh wenzake. Makala zake zilikusanywa mwaka 1944 katika kitabu cha Uwongozi. Aliandika pia vitabu vidogo vya dini kwa watoto wa chuo, akijua kwamba mtoto si mtu mzima mfupi, bali anahitaji kitabu chake.

Mwaka 1932 aliteuliwa kuwa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 Kadhi Mkuu wa Kenya. Magazeti yake hayakudumu muda mrefu, lakini kufundisha na kuandika hakuacha. Alikuwa ameanza tafsiri ya Qur'an kwa Kiswahili, mauti yakamfika mwaka 1947 kabla hajaimaliza. Miongoni mwa watoto aliowaacha ni Ali Mazrui, aliyekuja kuwa profesa mashuhuri duniani na kufariki mwaka 2014.

Kuna atakayesema kwamba juhudi zake za herufi zilishindwa, maana leo Kiswahili chote kinaandikwa kwa herufi za Kizungu. Ni kweli herufi zile zilishindwa. Chombo kizuri hakitoshi ikiwa shule, mitihani na ajira vimepita njia nyingine. Wazee wetu hata huku bara waliokuwa wakiandikiana barua kwa herufi za Kiarabu walijikuta wanahesabiwa kuwa hawajasoma. Lakini tazama walivyofanya waliomfuata. Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Zanzibar alipoikamilisha tafsiri yake ya Qur'an, iliyochapwa mwaka 1969, aliiandika kwa herufi ambazo msomaji wa wakati huo alizijua. Hakung'ang'ania herufi za waliotangulia. Aliishika kanuni yao, ya kumfuata msomaji alipo.

Sasa turudi kwetu. Miaka michache iliyopita madrasa moja ya hapa Mwembesongo ilipokea msaada wa kompyuta zenye programu ya kufundishia Qur'an. Mfadhili alikuwa na nia njema, na Mwenyezi Mungu atamlipa kwa nia yake. Lakini maelekezo yote yalikuwa kwa Kiingereza. Ustadhi hakukijua, na watoto wa darasa la tatu hawakukijua. Umeme ulikatika mara kwa mara. Hapana aliyekuwa amemuuliza ustadhi anafundishaje, ana watoto wangapi, na nini kinamchosha. Mwisho zikafunikwa kitambaa. Wapo waliosema kwamba maustadhi wetu hawataki maendeleo. Hivi kweli hilo lilikuwa kosa la ustadhi?

Mfano mwema upo hapa hapa nchini. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walitoa programu ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, iliyoitwa Jambo OpenOffice. Walionesha kwamba kompyuta inaweza kusema lugha yetu, ikiwa wenye lugha watakaa mezani.

Na leo hatari ni kubwa zaidi. Kijana anauliza simu yake hukumu ya talaka au mirathi, na akili bandia inamjibu papo hapo kwa Kiswahili fasaha. Waliyoitengeneza wako mbali. Hawaijui madrasa yetu, hawajui madhehebu ya Shafi waliyosomea wazee wetu, na hawatabeba dhima ya jibu. Tukikaa kulalamika tu, mambo yatakuwa kama ya kamati ile ya 1930. Wengine wataamua, sisi tutapewa.

Vijana wa Kiislamu mnaosomea kompyuta, hapa Morogoro na kwingineko, kazi hii ni yenu. Kabla hujaandika mstari mmoja wa programu, nenda ukakae madrasa wiki moja. Mtazame ustadhi na watoto sitini na ubao mmoja. Muulize mama anayetaka kujifunza kusoma Qur'an usiku baada ya kazi, na simu yake ni ya bei ndogo na bando lake la kupima. Jaribu ulichotengeneza kwa watoto watano, uone wanakwama wapi, ukirekebishe, kisha urudi tena. Nanyi masheikh, wafungulieni vijana hawa milango, msiwaone wanaleta michezo.

Sheikh Al-Amin hakuwa na mashine kubwa wala mfadhili wa mbali. Alikuwa na elimu, na alijua nani atakayeisoma karatasi yake. Tumuombe Mwenyezi Mungu amlipe kheri kwa jitihada yake, na atujaalie sisi tuwe wenye kunufaisha watu pale walipo.

Wabillahi tawfiq.