Maisha ya Masinde Muliro na maana ya upinzani

Jina la Masinde Muliro limeenea mno mjini Kakamega hata limekaribia kupoteza maana. Ipo bustani ya umma iitwayo kwa jina hilo, ambamo wapita njia hupumzika chini ya miti. Kipo pia Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, ambacho jina lake huandikwa na maelfu ya vijana kila msimu wa mitihani. Lakini ukiwauliza wengi wa vijana hao mzee huyu alikuwa nani, watakuambia kwamba alikuwa mwanasiasa wa zamani, kisha watanyamaza. Naona ni wajibu wetu, sisi tunaofundisha, kuujaza ukimya huo.

Mimi ni mwanaisimu wala si mwanahistoria, na kilichonivuta katika maisha ya Muliro ni neno moja: upinzani. Neno hili limetokana na kitenzi pinga, ambacho maana yake ya asili ni kukiweka kitu kukingama njia. Kipingo ni kile kijiti au chuma kinachoufunga mlango usiku ili mwenye nyumba alale kwa amani. Pingu, ambayo umbo lake linafanana na hayo mengine, ni chuma kinachoifunga mikono ya binadamu. Tofauti kati ya vyombo hivi viwili ni kubwa, nayo inategemea ni nani anayefunga na ni nani anayefungwa. Naamini kwamba maisha ya Muliro yanaweza kusomwa kama safari ndefu baina ya kipingo na pingu.

Muliro alizaliwa mwaka 1922 katika kijiji cha Matili, Kimilili, ambako leo ni katika Kaunti ya Bungoma. Wakati huo eneo hilo lote lilitawaliwa na mkoloni kutoka Kakamega. Alisoma Tororo, Uganda, na baadaye akaenda Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini. Alikuwa huko katika miaka ile ile ambayo serikali ya makaburu ilikuwa ikipitisha, moja baada ya nyingine, sheria za kuwatenga watu kwa rangi zao. Aliporejea nyumbani mwaka 1954, alikuta Kenya imo katika hali ya hatari. Chama cha KAU kilikuwa kimepigwa marufuku mwaka uliotangulia, na viongozi wake walikuwa gerezani. Muliro akashika chaki. Alifundisha katika Shule ya Wasichana ya Alliance na katika Chuo cha Ualimu cha Siriba, Maseno.

Mwaka 1957 Waafrika waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Nasema waliruhusiwa, lakini ruhusa yenyewe ilikuwa na masharti mengi. Mpiga kura alipimwa kwa elimu, mali na utumishi wake, na mtu mmoja aliweza kupewa hadi kura tatu huku jirani yake akikosa hata moja. Muliro aliacha ualimu, akasimama Nyanza Kaskazini na kumshinda W.W.W. Awori, mwanasiasa aliyekuwa na jina kubwa kuliko lake. Akawa mmoja wa wale wanane wa kwanza, pamoja na akina Tom Mboya, Oginga Odinga, Ronald Ngala na Daniel arap Moi. Wote wanane walikataa kushika nyadhifa za uwaziri chini ya katiba ya wakati huo.

Ni muhimu msomaji akumbuke kizuizi kimoja cha enzi hiyo. Tangu mwaka 1955 serikali ya kikoloni iliwaruhusu Waafrika kuunda vyama vya wilaya tu. Mtu wa Kakamega aliweza kukutana na mwenziwe wa Kakamega, lakini hakuweza kuwa na chama kimoja na mtu wa Kiambu au wa Mombasa. Mkoloni alifahamu fika kwamba watu wanaonung'unika kila mmoja nyumbani kwake hawamsumbui mtawala. Hapo ndipo mbegu ya ukabila katika siasa zetu ilipopata udongo. Mwaka 1959 Muliro aliongoza chama cha Kenya National Party, kilichowakaribisha watu wa rangi zote na kuvuka mipaka ya wilaya. Wajumbe wenzake kadhaa, wakiongozwa na Odinga na Mboya, hawakuifuata njia hiyo. Walitaka umoja wa Waafrika pekee na mwendo wa kasi zaidi. Katika mgawanyiko huo twaona tabia iliyomtambulisha Muliro hadi kufa kwake: hakuogopa kusimama pembeni mwa kundi kubwa.

Mwaka uliofuata kilizaliwa KADU, Ngala akiwa rais wake na Muliro naibu wake. Hoja ya KADU ilikuwa kwamba uhuru ukija na mamlaka yote yakalundikana Nairobi, jamii ndogo zitakuwa zimebadilishiwa bwana tu. Kwa hiyo walipigania majimbo. Tunaweza kuukosoa mpango huo, maana ulichochea ugomvi wa mipaka, ukiwemo ule wa Kitale uliowagombanisha wana-KADU wenyewe. Hata hivyo, katika uchaguzi wa mwaka 1963 chama hicho kilipata kuyaongoza majimbo matatu, Pwani, Bonde la Ufa na Magharibi, na makao ya jimbo letu yalikuwa hapa Kakamega. Kwa muda mfupi Kenya huru ilikuwa na serikali iliyolazimika kujibu maswali.

Muda huo haukutimia hata miezi 12 baada ya uhuru. Wabunge wa KADU walianza kuhamia KANU mmoja mmoja, na Novemba 1964 chama kilijivunja chenyewe kwa jina la umoja wa taifa. Hapakuwa na askari mlangoni wala amri ya mahakama. Naliona tukio hili kuwa ndilo kosa kubwa katika maisha ya kisiasa ya Muliro na wenzake, kwani walikitoa kipingo kwa mikono yao wenyewe. Miaka miwili baadaye Odinga alipounda KPU, Bunge lilipitisha sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila mashtaka, na mwaka 1969 chama hicho kikapigwa marufuku. Muliro naye alipata kuwa waziri katika serikali ya Mzee Kenyatta. Sisi tunaolienzi jina lake hatuna budi kulikubali hilo, kwa sababu sifa isiyokubali dosari haimfunzi mwanafunzi lolote.

Lakini mwaka 1975 ulifika. Mwezi Machi mbunge J.M. Kariuki aliuawa, na Bunge likaunda kamati ya uchunguzi chini ya Elijah Mwangale. Taarifa ya kamati ilipoletwa, serikali ilitaka isikubaliwe. Muliro, akiwa waziri, alipiga kura ya kuiunga mkono taarifa hiyo, na akafutwa kazi. Pamoja naye walifutwa mawaziri wadogo wawili, Peter Kibisu na John Keen. Mwezi Oktoba mwaka huo huo Martin Shikuku, mbunge wa Butere, alitoa matamshi Bungeni kuhusu kudhoofishwa kwa Bunge na kwa KANU. Naibu wa Spika, Jean-Marie Seroney, alikataa kumdai ushahidi. Wote wawili walikamatwa katika majengo ya Bunge na kuwekwa kizuizini.

Hapa ndipo penye fundisho. Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Muliro alikuwa na ujasiri ule ule aliokuwa nao mwaka 1957, lakini safari hii hakuwa na chama nyuma yake. Dhamiri ya mtu mmoja ndani ya chama kimoja huadhibiwa peke yake na husahauliwa upesi. Uhuru wa mtu binafsi, yaani uhuru wa kusema, wa kukutana na wa kutofungwa pasipo hatia, huonekana kuwa jambo la mtu mmoja mmoja. Kumbe hulindwa na watu walioungana wakiwa nje ya serikali, wenye uwezo wa kuishtaki mbele ya wapiga kura.

Kilichokuwa desturi kilifanywa sheria Juni 1982, Bunge lilipoingiza katika katiba sehemu ya 2A iliyoifanya KANU kuwa chama pekee halali. Mwaka 1988 ukaja uchaguzi wa mlolongo, ambapo raia alitakiwa kusimama hadharani nyuma ya picha ya mgombea wake. Katika zama hizo neno mpinzani lilitamkwa majukwaani kana kwamba ni kisawe cha adui. Julai 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia waliwekwa kizuizini kwa kudai vyama vingi. Agosti 1991 wazee sita walitangaza FORD: Odinga, Muliro, Shikuku, Philip Gachoka, Ahmed Bamahriz na George Nthenge. Idadi yao ndogo ilikuwa na hekima ndani yake, kwani sheria ya vyama ilihusu jumuiya ya watu 10 au zaidi.

Novemba 16, 1991, FORD iliitisha mkutano Kamukunji, Nairobi, bila leseni ya serikali. Muliro, akikaribia umri wa miaka 70, alikuwa miongoni mwa waliofika wakakamatwa. Siku chache baadaye wahisani waliokutana Paris walisimamisha misaada mipya, na mwezi Desemba sehemu ya 2A ikafutwa. Muliro hakujaliwa kuyaona matunda. Aliaga dunia Agosti 14, 1992, katika uwanja wa ndege wa Nairobi, aliporejea kutoka London. Wengi walimtazama kama mtu aliyeweza kuwapatanisha wafuasi wa Odinga na wa Matiba. Kabla ya mwaka kwisha FORD ilikuwa imepasuka vipande viwili, na Rais Moi akashinda uchaguzi kwa takriban asilimia 36 ya kura.

Mengi yamebadilika tangu hapo. Mageuzi ya mwaka 1997 yalipunguza makali ya sheria za mikutano na za machifu, na katiba ya mwaka 2010 imetaja bayana haki ya kuungana na ya kuandamana kwa amani. Lakini mwenendo wa mwaka 1964 haujatutoka. Mwaka 2018 kiongozi wa upinzani alipeana mkono na Rais, na mwaka 2024 viongozi kadhaa wa chama kikuu cha upinzani waliingia katika Baraza la Mawaziri. Kila mara sababu inayotolewa ni umoja wa taifa. Sipuuzi amani inayotafutwa kwa njia hiyo, wala sidai kwamba kila mwafaka ni usaliti. Nauliza tu: baada ya kupeana mikono, ni nani atakayebaki nje akiuliza maswali kwa niaba ya kijana aliyekamatwa?

Nasaha yangu kwa walimu ni hii. Mnapofundisha historia ya vyama vingi, msiishie kwenye tarehe za kukariri. Wafunzeni wanafunzi kuutofautisha upinzani na uadui, kwa maana jamii isiyoweza kuyatenganisha maneno hayo mawili haitachelewa kumfunga anayeuliza. Waruhusuni wapingane katika midahalo, na hata wawapinge ninyi kwa hoja na kwa adabu. Nanyi wanafunzi, mkilisoma jina la Muliro langoni, kumbukeni kwamba aliyekuwa nalo alipoteza uwaziri kwa kura moja, na kwamba siku hiyo hapakuwa na chama cha pili ambacho angeweza kukikimbilia.