Bango la Mto Tuckahoe

Katika Jimbo la Maryland, nchini Marekani, iko barabara itokayo mji wa Easton kwenda Denton. Barabara hiyo yavuka mto mdogo uitwao Tuckahoe, nao mto huo ndio mpaka wa wilaya mbili za mashamba, Talbot na Caroline. Hapo darajani liliwekwa bango la kumbukumbu ya Frederick Douglass, likaandikwa kwamba alizaliwa mwaka 1817. Mwaka huo si sahihi, na habari ya kosa hilo yastahili kujulikana na wasomaji wetu.

Douglass alizaliwa mtumwa upande wa Talbot. Mama yake, Harriet Bailey, alifanyishwa kazi mbali, kwa hiyo mtoto akalelewa na bibi yake, Betsey. Alipopata miaka sita bibi alimtembeza maili kumi na mbili hadi kwenye shamba kubwa la akina Lloyd, akamwacha huko kwa amri ya bwana. Watoto wa Kizungu walijua umri wao. Yeye hakuwa na ruhusa hata ya kuuliza.

Mwaka 1826 alipelekwa Baltimore, nyumbani kwa Hugh Auld. Bibi wa nyumba alianza kumfundisha herufi, mumewe akakataza. Kijana akaendelea kujifunza kwa watoto wa mitaani, akiwalipa mkate.

Hapa twawaomba ndugu zetu wafanyakazi wasome polepole. Douglass alijifunza kazi ya kukalafati merikebu, akawa fundi wa kulipwa dola moja na nusu kwa siku. Kazi aliitafuta mwenyewe na mapatano aliyafanya mwenyewe, lakini kila Jumamosi jioni ilimpasa kuuweka mshahara wote mkononi mwa Auld, pengine dola 9 kwa juma. Mara nyingine Auld alimrudishia senti 6 ili kumtia moyo. Senti hizo zilimwonyesha kwamba hata bwana alijua fedha zile ni za nani.

Na tusifiche jambo jingine, ingawa ni aibu kwa wafanyakazi. Mwaka 1836 vijana wanne wa Kizungu walimpiga kiwandani mwa merikebu hata akakaribia kupoteza jicho, na maseremala wapatao hamsini wakasimama wakitazama. Hakuna aliyemtetea.

Kule Baltimore alimpata Anna Murray, mwanamke huru, mzaliwa wa Denton, ng'ambo ya pili ya mto ule ule. Anna alitoa akiba ya kazi yake ya utumishi, na tarehe 3 Septemba 1838 Douglass akapanda gari moshi amevaa nguo za baharia, akatoroka. Walioana New York siku chache baadaye, wakaishi pamoja hadi Anna alipofariki mwaka 1882.

Mengine yanajulikana: kitabu chake cha mwaka 1845; rafiki zake wa Uingereza waliomnunulia uhuru mwaka 1846; gazeti alilolianzisha Rochester mwaka 1847; askari weusi aliowaandikisha katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, wakiwamo wanawe wawili; na ujumbe wa nchi yake kule Haiti tangu mwaka 1889.

Hata hivyo mtu huyu mkubwa hakuwa na hakika ya umri wake. Mwaka 1877 alimzuru Thomas Auld, nduguye Hugh, ambaye ndiye aliyekuwa bwana wake kwa sheria. Mzee huyo, akiwa mgonjwa kitandani, alimwambia alidhani ni Februari 1818. Lakini kudhani si kujua. Mwaka uliofuata Douglass alirudi Tuckahoe, akatafuta mahali pa kibanda cha bibi yake, akachota udongo wa pale akaenda nao kwake. Alifariki tarehe 20 Februari 1895, angali akiulizia.

Jibu lilikuwamo katika daftari la bwana wake wa kwanza, Aaron Anthony, na mwandishi Dickson Preston alilieleza katika kitabu kilichotoka mwaka 1980. Anthony alikuwa ameandika, kwa mkono wake, kwamba Harriet amezaa mtoto wa kiume, Frederick Augustus, Februari 1818. Aliandika hivyo kwa sababu mtoto yule alikuwa mali yake.